UZI: Unataka picha, namba au jina lako lifutwe mtandaoni? Andika ombi linalojibika

Kibarua wa Taarifa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani watu wanaleta shida ileile kwa sura tofauti. Huyu picha yake ipo kwenye ukurasa wa saluni na hakuulizwa. Yule aplikesheni ya mkopo imebeba namba za ukoo mzima. Mwingine akisachi jina lake linatangulia tangazo la ofisi aliyoachana nayo zamani. Majibu wanayopewa ni "nenda polisi" au "achana nao, kikishaingia mtandaoni hakitoki". Kuna hatua hapo katikati ambayo sheria imeiweka, na haihitaji wakili.

Mimi ni afisa ulinzi wa taarifa binafsi kwenye kampuni moja hapa Dar. Barua zote za "futeni taarifa zangu" zinaishia mezani kwangu. Nawaambia kama mtu wa upande wa pili wa meza: nyingi zinakwama kwa jinsi zilivyoandikwa. Mtu anashusha kurasa mbili za hasira, anataja mahakama, anataja Mungu, anamtaja shemeji yake aliyeko wizarani, na mpaka nafika kwenye saini sijajua anataka nifute nini. Jina lake lipo kwenye mfumo wa mauzo, kwenye orodha ya matangazo, kwenye mafaili ya uhasibu na kwenye posti ya Instagram ya sikukuu. Nianzie wapi? Barua kama hiyo inajibiwa "tunalifanyia kazi" na kesho yake inafunikwa na nyingine.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Wewe unaitwa mhusika wa taarifa. Aliyezichukua na kuamua zitumike vipi ni mkusanyaji. Anayezichakata kwa niaba yake ni mchakataji.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. Sheria yetu haikukupa rungu la kumwambia kila mtu "futa" akafuta. Kifungu kinachozungumzia kufuta kinaipa Tume mamlaka ya kumwamuru mkusanyaji asahihishe, azuie, afute au aharibu taarifa, na msingi wake ni kwamba taarifa hizo si sahihi. Kama tatizo lako si usahihi, kuna milango mingine: unaweza kudai asitishe uchakataji unaokuletea madhara, unaweza kudai aache kukutumia matangazo ya biashara wakati wowote ule, na ipo kanuni kwamba taarifa hazitunzwi kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyozileta. Mara nyingi kinachomuumiza mtu ni matumizi. Dai lisitishwe tumizi hilo, utafika haraka kuliko kudai wafute kila kitu, maana "kila kitu" ndani yake kuna risiti na mafaili ya kodi ambayo siwezi kuyagusa hata ukija na jeshi.

Barua inayonifanya niinuke kwenye kiti inakuwa hivi:

*"Mimi ni fulani, mteja wenu niliyejisajili kwa namba inayoishia 412. Naomba mambo matatu. Kwanza, mwondoe picha yangu iliyoko kwenye linki hii, iliyowekwa tarehe hii. Sikutoa ridhaa itumike kwenye tangazo. Pili, msitishe kutuma ujumbe wa matangazo kwenye namba yangu. Tatu, mnieleze kwa maandishi ni nani mwingine mmempa taarifa zangu, na mumjulishe kuhusu ombi hili. Iwapo kuna taarifa ambayo sheria inawalazimu kubaki nayo, naomba mnitajie ni ipi, kwa sheria gani, na mpaka lini."*

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayotoa jasho. Bila hiyo, afisa mvivu anajibu "tunatunza kwa matakwa ya kisheria" na faili linafungwa. Ukiuliza sheria gani na mpaka lini, inabidi nifungue kabrasha, nimuulize mhasibu, nimuulize mwanasheria, na mara nyingi tunagundua hakuna sheria yoyote. Ni mazoea tu.

Kabla hujatuma, piga picha ya skrini yenye linki na tarehe vikionekana, kwa sababu wakishafuta, ushahidi wako umekwenda nao. Tuma kwa njia inayoacha alama. Barua pepe inatosha. Kama ni barua ya mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kupiga simu huduma kwa wateja ni kupoteza salio.

Halafu suala la kitambulisho. Kampuni ina haki ya kujua kwamba wewe ndiye wewe, lakini kuna ofisi zinadai nakala nzima ya NIDA ili zifute namba ya simu. Yaani unaomba wapunguze, wanaongeza. Jibu lako: "Nimeandika kutoka barua pepe ileile niliyojisajili nayo, nitumieni msimbo wa uhakiki." Wakikomaa, toa nakala, funika namba ambazo hawazihitaji, na andika juu yake kwa peni kwamba ni kwa ajili ya ombi hilo tu.

Karibuni kwa maswali. Msitaje majina ya kampuni wala ya watu, tusijeleta kesi humu.

---

Domo Kaya

Chai hii mkuu. Hao wa mikopo ya mtandaoni ofisi yenyewe haijulikani ilipo. Barua unampelekea nani, malaika?

---

Kibarua wa Taarifa

Domo Kaya, hapo umenigusa penyewe. Sheria inahitaji mtu wa kumpelekea. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ilitoa tangazo lenye aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kama aliyekukopesha yumo humo, barua ya kistaarabu haitakusaidia sana. Nenda moja kwa moja PDPC na BoT na picha za skrini za zile meseji walizowatumia ndugu zako.

Ila kuna mlango wa pembeni watu hawaujui. Google iliweka masharti kwamba kuanzia 31 Mei 2023 aplikesheni za mikopo binafsi kwenye Play Store haziruhusiwi kuomba kufungua orodha ya majina wala picha za mteja. Inayokuomba majina leo inavunja masharti ya duka, na duka hilo lina ofisi na lina kitufe cha kuripoti. Pia aplikesheni yoyote inayokufungulia akaunti inatakiwa iwe na njia ya kuomba akaunti ifutwe, ndani yake na kwenye tovuti pia. Fungua ukurasa wake Play Store, shuka mpaka sehemu ya usalama wa data, linki ipo pale. Apple nao wanalazimisha njia hiyo iwe ndani ya aplikesheni tangu 30 Juni 2022.

Kuiondoa kwenye simu peke yake haifuti chochote. Majina yako yapo kwenye seva yao, umebakiwa na nafasi tu kwenye simu.

Na wakuu, deni halifutiki kwa barua ya faragha. Najua kuna mtu alikuwa anasoma kwa matumaini hayo.

---

Domo Kaya

😂😂 Umenifuata mpaka nyumbani. Haya, nimekaa kimya.

---

Nyali Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Niongezee ya Kenya kwa sababu wengine humu wako huku au wana biashara huku.

Sisi sheria yetu ni ya 2019, na kifungu cha 40 kinasema waziwazi: unaweza kuomba data ifutwe kama hawana tena ruhusa ya kuiweka, au haihusiani na kazi yao, au imezidi kiasi, au waliipata kinyume cha sheria. Kwa hivyo mlango wetu ni mpana kuliko wenu. Kanuni za 2021 zinampa siku 14 kujibu, na hakulipishi kitu. Akinyamaza unapeleka malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, nao wanatakiwa wamalize ndani ya siku 90. Hata uamuzi wa Kamishna ukikuuma, Mahakama Kuu iko.

Na hawa hawachezi. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Siku hizo hizo Mulla Pride, wenye aplikesheni za mikopo, wakatozwa 2,975,000. Kabla ya hapo Oppo Kenya walitozwa milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram yao. Milioni 5 ndiyo dari ya faini ya Kamishna, kwa hivyo kwa kampuni kubwa ni hela ya chai, lakini aibu yake ni kubwa.

Kitu kimoja ambacho hakitafutika hata ulie: CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Ukikosa kulipa mkopo, taarifa hiyo mbaya inakaa miaka 5. Na benki lazima zitunze rekodi za miamala angalau miaka 7 kwa sheria ya utakatishaji wa pesa. Usipoteze barua yako hapo.

---

Mama Junior wa Mbezi

Kaka Kibarua, shule aliyokuwa anasoma mwanangu imemweka kwenye bango la usajili na Facebook, sare na jina lake lililoandikwa kwenye begi vinaonekana. Tumeshahama shule hiyo. Nilipoomba watoe, mkuu wa shule akasema nilisaini fomu ya kujiunga na humo kuna kipengele cha picha. Ni kweli nilisaini, fomu ilikuwa na kurasa nyingi.

---

Kibarua wa Taarifa

Mama Junior, pole. Hapa una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria yetu imeweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, pamoja na za vinasaba, alama za mwili, miamala ya fedha na makosa ya jinai. Taarifa nyeti zinadai ridhaa ya maandishi, na ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa. Kwa hiyo usibishane naye kama ulisaini au hukusaini. Kubali: "Nilisaini tarehe fulani. Kuanzia leo naondoa ridhaa hiyo." Mkuu wa shule alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa saini, sasa hana pa kushika.

Andika vitu viwili mbalimbali: bango la barabarani na posti ya Facebook, na linki ya hiyo posti. Mpe tarehe ya mwisho ya kukujibu. Mkumbushe pia kwamba mtoto si mwanafunzi wao tena, kwa hiyo hata sababu ya kutunza picha hiyo kwa matangazo imekwisha. Akikataa kwa maandishi, amekurahisishia: hiyo barua ya kukataa ndiyo kiambatisho cha kwanza cha lalamiko lako Tume.

Jirani zetu wamekwishaonja: katika maamuzi hayohayo ya Septemba 2023 aliyoyataja Nyali Kwetu, Roma School ya Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ilizidi hata ile ya klabu.

Na kama picha inatokea ukisachi Google, wana fomu ya kuondoa kwenye matokeo picha za walio chini ya miaka 18. Mzazi anaweza kuijaza. Inaondoa kwenye matokeo ya Google tu, posti yenyewe inabaki mpaka shule iifute.

---

mpole_tu

Truecaller je, ile aplikesheni inayoonyesha jina la anayekupigia? Mimi jina langu kule limeandikwa "Fundi Tapeli Usimpe Hela". Sijawahi kuwa fundi.

---

Kibarua wa Taarifa

😂 Mkuu, namba uliirithi kwa mtu. Laini zinarudi sokoni.

Hiyo haihitaji barua. Kama una akaunti yao, ifunge kwanza ndani ya aplikesheni, la sivyo mfumo unakataa. Kisha ingia tovuti yao kwenye ukurasa wa kuondoa namba, andika namba ukianzia +255, thibitisha. Ukitaka jina lisahihishwe badala ya kuondolewa, hiyo ni njia nyingine, na kwako wewe labda ndiyo inayofaa kama namba unaitumia kwa biashara.

---

Msambaa wa Hamburg

Nami niseme la huku Ujerumani. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, ibara ya 17, ndiyo haki ya kufutwa. Imeanza kutumika 25 Mei 2018. Mkusanyaji ana mwezi mmoja kukujibu, na akiwa na sababu anaweza kujiongezea miezi miwili, ila lazima akuambie ndani ya ule mwezi wa kwanza. Nimeitumia kwa wakala wa nyumba niliyemkabidhi hati za mshahara na nyumba nikakosa. Walifuta, wakanijibu kwa barua rasmi yenye mistari mitatu. Wajerumani hawana maneno mengi.

Lakini kuna jambo Waswahili wa huku wanashangaa. Unaweza kuiomba Google iondoe linki fulani isitokee mtu akisachi jina lako. Ikikubali, hapa Hamburg haionekani tena. Mama yako Lushoto akisachi, anaiona vilevile! Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2019, kwenye kesi ya Google na CNIL, mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa, kwamba sheria ya Ulaya haiilazimishi Google kuondoa duniani kote. Kwa hiyo kama unayemkimbia ni mwajiri wa Berlin, umepona. Kama ni wakwe wa Korogwe, bado.

---

Sitaki Jina

Naomba kuuliza kwa niaba ya rafiki. Mtu waliyeachana anatishia kurusha picha zake za faragha. Bado hajazirusha. Sheria hii inasaidia?

---

Kibarua wa Taarifa

Mwambie rafiki asisubiri sheria hii, ni ya polepole mno kwa jambo hilo.

Kuna huduma ya bure inaitwa StopNCII. Anachagua picha kwenye simu yake, huduma inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo, na alama hiyo pekee ndiyo inatumwa. Picha haitoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na wengine walioungana nayo wanaitumia kuitambua picha mtu akijaribu kuipandisha. Ni ya waliotimiza miaka 18. Aliye chini ya hapo atumie huduma nyingine ya aina hiyo, Take It Down.

Vitisho vyenyewe ni vya polisi, kitengo cha makosa ya mtandao. Asifute zile meseji hata kama zinamtia kinyaa. Asimlipe.

---

Kobe wa Ilala

Mkuu, mimi kilio changu ni lile tangazo: "Mtu huyu pichani SI MFANYAKAZI WETU TENA, atakayefanya naye kazi atakuwa amejitakia." Picha ya pasipoti, majina matatu, tena wakaongeza "ameondoka na fedha za kampuni". Sikushtakiwa, hakuna kesi, nilidaiwa mahesabu ya safari nikayafunga. Nikiitwa usaili wanaliona. Miaka imepita.

---

Kibarua wa Taarifa

Kobe, kesi yako ndiyo iliyozaa mjadala huu duniani, nitakuonyesha.

Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapa matangazo mafupi mawili ya mnada wa nyumba kwa deni la hifadhi ya jamii, na jina la Mario Costeja González likiwemo. Deni likaisha. Miaka zaidi ya kumi baadaye, ukisachi jina lake matangazo yale yanaibuka. Mwaka 2010 akalalamika kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Uhispania. Mamlaka ikakataa kuligusa gazeti, maana lilichapa kihalali kwa agizo la serikali, lakini ikaiamuru Google iache kuyaonyesha. Google wakaenda mahakamani, na 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikampa Costeja ushindi. Kichekesho ni kwamba sasa dunia nzima inajua alikuwa na deni.

Huna uamuzi huo wa kuegemea hapa nyumbani, lakini mgawanyo wake utumie: aliyechapa ni mmoja, anayesambaza ni mwingine, na kila mmoja anadaiwa kwa hoja yake.

Kwa kampuni, vunja tangazo vipande. Kipande cha "si mfanyakazi wetu" kilikuwa kweli na kilikuwa na kazi: kuwatahadharisha wateja wa wakati ule. Kazi hiyo imekwisha, kwa hiyo hoja yako ni muda wa kutunza. Kipande cha "ameondoka na fedha" ni kitu kingine kabisa. Hakuna kesi wala hukumu, na una karatasi ya kufunga mahesabu. Hiyo ni taarifa isiyo sahihi, na hapa ndipo kile kifungu cha Tume kuamuru ifutwe kinapokaa vizuri. Ambatisha hiyo karatasi. Picha idai iondolewe kwa hoja ya madhara, ukitaja usaili ulioupoteza na tarehe yake.

Kwa kurasa za udaku na blogu zilizolinakili, orodhesha linki zote ndani ya barua hiyohiyo na uitake kampuni iwajulishe. Blogu nyingi zikipata barua pepe ya kampuni iliyotoa tangazo zinafuta bila maneno. Zikipata ya kwako zinakuomba hela.

Kwa Google, subiri ukurasa wa asili ufutwe ndipo utumie fomu yao ya maudhui yaliyopitwa na wakati. Ukiituma wakati ukurasa bado upo hewani, itakataliwa.

Usianze na wakili wala na Tume. Anza na kampuni, wape muda wa kujibu, kisha uende Tume na barua yako, jibu lao au ukimya wao.

---

Kobe wa Ilala

Ofisi yenyewe ilibadilisha jina, wamiliki ni walewale. Barua naandika kwa jina lipi?

---

Kibarua wa Taarifa

Yote mawili. "Kampuni fulani, ambayo awali iliitwa fulani." Na kabla hujatuma angalia kama ule ukurasa wa zamani wa Instagram bado wanaumiliki, maana kama walipoteza nywila yake kitakachotakiwa ni kuripoti kwa Meta, wenye Instagram. Weka rasimu inboksi ukificha majina, nitaipitia kesho nikitoka kazini.